Goti, nyonga, shavu la mguu: upigwe picha gani?

Nilianguka na bodaboda wiki tatu zilizopita. Eksirei haina kasoro, lakini goti huniachia nikishuka ngazi. Nipige tena? (Kampala)

Usipige tena. Eksirei huonyesha mfupa. Ligamenti (kano zinazofunga mfupa kwa mfupa) na meniski (mito laini iliyo kati ya mifupa ya goti) hazionekani humo hata picha iwe safi namna gani. Goti linaloachia baada ya ajali mara nyingi limekatika ligamenti iliyo katikati yake. Kabla ya kulipia MRI (picha inayopigwa kwa sumaku kubwa), mwone daktari wa mifupa akupime kwa mikono: hukunja goti nyuzi 20 hadi 30, hushika paja kwa mkono mmoja, na kwa mwingine huvuta muundi kuja mbele. Muundi ukiteleza bila kugota, tofauti na wa mguu mzima, jibu limekaribia. Goti likiwa bado limejaa na misuli imekaza, kipimo hiki hudanganya, ndiyo maana wengi wiki ya kwanza huambiwa hawana kitu. MRI itathibitisha na kuonyesha hali ya meniski. Utalala kimya dakika 20 hadi 45. Ukitikisika, picha inaharibika. CT skani (eksirei inayopiga mwili tabaka kwa tabaka) haishiki nafasi ya MRI hapa. Hiyo ni ya mfupa uliopasuka vipande, kwa mfano kichwa cha muundi, daktari anapopanga upasuaji.

Mama ana miaka 64, magoti yanamuuma miaka sasa. Tumeambiwa MRI. Tuuze ng'ombe? (Mbale)

Ng'ombe abaki zizini kwanza. Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) lililolika hujulikana kwa eksirei ya bei ndogo, mradi apigwe amesimama. Gegedu lenyewe halionekani. Kinachosomwa ni uwazi kati ya mfupa wa paja na muundi. Akipigwa amelala, uzito haubani mifupa, uwazi unaonekana mpana, na goti lililokwisha linaandikiwa "kawaida". Fomu itaje wazi: magoti yote mawili, amesimama, kisha picha ya ubavuni. MRI katika umri huo mara nyingi hukuta meniski iliyochanika hata kwa wasioumwa, na hapo ndipo watu hukimbizwa kwenye upasuaji wasiouhitaji.

Tangu nifungwe plasta, shavu la mguu limevimba na linauma. Eksirei inatosha? (Fort Portal)

Hapana, na usingoje Jumatatu. Huenda ni bonge la damu ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), na kipimo chake ni ultrasaundi yenye Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu. Mpimaji hupaka jeli kuanzia kinenani hadi nyuma ya goti, akibonyeza kwa kichwa cha mashine kila baada ya sentimita chache. Vena nzima hulala bapa kama mpira wa baiskeli uliotoka upepo. Yenye bonge hubaki duara. Picha ikiwa safi na uvimbe ukabaki, rudia baada ya wiki moja. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto wangu ana seli mundu. Paja linauma, homa ipo, eksirei ni safi. Anasingizia? (Lira)

Hasingizii. Maambukizi ndani ya mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kujionyesha kwenye eksirei. Ultrasaundi inaweza kukuta mapema maji ndani ya nyonga au usaha uliojikusanya juu ya mfupa. MRI huona mapema zaidi, ila kwa seli mundu nayo hubabaisha: mfupa uliokosa damu na mfupa wenye maambukizi hufanana mno. Kwa hiyo damu ipelekwe maabara ioteshwe kusaka vijidudu, na dawa zianze bila kungoja picha.

Nina chuma pajani. MRI itaking'oa? (Gulu)

Misumari na bamba za upasuaji kwa kawaida hazing'oki. Huchafua tu picha ya sehemu iliyo karibu nazo. Cha kuogopa ni betri ya moyo, kipande cha risasi au bomu mwilini, na unga wa chuma jichoni mwa wachomeleaji. Sema kabla ya kuvuka mlango, kwa sababu sumaku ile haizimwi hata chumba kikiwa kitupu.