Pikapu kuiacha Ferrari

Mkuu unasema pikapu ni ya kubebea simenti tu haiwezi kuigusa Ferrari, basi katafute GMC Syclone ya 1991. Ukiiona nje ni kapikapu kadogo keusi ka Kimarekani, ila chini ya boneti kuna V6 ya lita 4.3 yenye tabo (inayosukumia injini hewa zaidi) na intakula (inayopoza hewa hiyo), hospawa 280, na inavuta tairi zote nne, hapo ndo siri ilipo kwa sababu ukikanyaga mafuta tairi hazitelezi, inaondoka tu. Jarida la Car and Driver waliishindanisha na Ferrari 348 mwaka huohuo, robo maili kutoka kusimama, na pikapu ikatangulia. Sema mwendo ukishakuwa mkubwa Ferrari inaipita, tusidanganyane. Na wanaosema injini ni ileile ya Buick Grand National, gari nyingine ya Kimarekani yenye V6 ya tabo, wanachanganya, ile ilikuwa lita 3.8. Kichekesho ni kwamba kwenye mzigo ndo haifai kabisa, GMC wenyewe waliruhusu kama kilo 227 tu, yaani mifuko minne ya simenti na dereva mwembamba 😂