Sauti kavu haina pa kujificha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: bendi kongwe ya hadikoo, yaani panki ya kasi na ukali, inapoacha madoido ya metali, ile roki nzito, na kurudia sauti kavu ya mwanzo wake, je, ni uaminifu au imeishiwa? Naomba nijibu swali lililo jirani na hilo: je, ukavu huo unaweza kurudiwa na mtu ambaye sasa anajua kufanya mengi zaidi?

Nawachukua Agnostic Front wa New York, kwa sababu njia hiyo wameipita kwenda na kurudi. Mwaka 1984 walitoa albamu ya Victim in Pain, nyimbo 11 zinazokwisha kwa takriban robo saa. Miaka miwili baadaye, katika Cause for Alarm, liliingia gitaa la pili, zikaingia solo, na mashabiki wa panki wakaanza kuwatazama kwa shaka. Something's Gotta Give ya 1998 ilipukutisha mengi ya hayo. Another Voice ya 2004 ikayarudisha. The American Dream Died ya 2015 ikayapunguza tena.

Niliwahi kupiga gitaa la besi katika bendi ndogo iliyojivunia kasi yake. Jioni moja mpiga gitaa wetu alipendekeza tupumzishe vidole kwa wimbo mmoja wa Victim in Pain, maana kodi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni chache. Dramu zilipoanza, mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo mno kupanda kwenye shingo ya gitaa. Katika nyimbo zetu za metali uchelewaji huo ulimezwa na mkwaruzo unaoongezwa kwenye sauti ya gitaa. Hapa ulisikika wote. Akaongeza mkwaruzo, besi ikapotea. Akaupunguza, kasoro ikarudi. Tulisimama, tukaanza upya, tukasimama tena, mpiga dramu akinung'unika, mpaka yule bwana alipoacha kuvitazama vidole vyake akautazama mguu wa mpiga dramu kwenye kanyagio. Hapo wimbo ulishika, nami nikaelewa kwamba nguvu yake haimo katika kodi bali katika kile kimya kifupi kati ya pigo na pigo, ambacho wote wanne tulipaswa kukiacha kwa pamoja.

Ndiyo maana nilikaa kuandika nikiwa na hakika kwamba kurudia ukavu ni ushujaa, na kwamba anayeuita kuishiwa hajawahi kuujaribu. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika, hakika hiyo inapungua. Vijana wa 1984 walirekodi kile walichokuwa nacho, ilhali mwimbaji Roger Miret na mpiga gitaa Vinnie Stigma wa 2015 walichagua wakiwa na miongo ya uzoefu, na mtayarishaji wao akiwa Freddy Cricien wa Madball, bendi nyingine ya hadikoo ya New York, nduguye Miret. Albamu hiyo ni nzuri, lakini magitaa yake ni mazito, yamesafishwa, na kila pigo limekaa mahali pake. Aliyekwisha kujifunza kuziba mianya hawezi kujisahaulisha.

Basi jibu langu ni kwamba warudi, mradi wasituahidi 1984, na mradi waache kosa moja mawili yasikike. Lakini msikilizaji mgeni akiniomba albamu moja tu ya bendi hii, nitampa Cause for Alarm, yenye solo zake zote, kwa sharti kwamba awe ameisikiliza kwanza ile robo saa iliyoitangulia.