Anti, tapeli kajuaje jina la mwanangu mpaka darasa?

SWALI: Anti shikamoo. Naishi Mbagala, nauza vitenge na mashuka mtandaoni. Juzi kanipigia mtu anajiita mwalimu wa mwanangu, kamtaja jina, shule, mpaka darasa la tatu, anasema mtoto kaanguka yuko hospitali nitume laki moja ya vipimo haraka. Nilichanganyikiwa! Bahati mume wangu akapiga shuleni kwanza, mtoto yupo darasani mzima kabisa. Shule imeuza taarifa zetu au?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na baba watoto kafanya la maana. Kabla hujaenda kugombana na shule, chukua simu ya jirani ambaye sio rafiki yako Facebook, fungua akaunti yako uone mgeni anaona nini. Kwa mtu wa biashara mara nyingi namba ya simu iko juu kabisa kwa ajili ya wateja, ukishuka kidogo unakuta bethdei, keki ina jina la mtoto, ukishuka tena picha ya siku ya kufungua shule, sweta lina nembo na mama kaandika "darasa la tatu hilooo". Tapeli kwa hapo hanunui taarifa kwa mtu, anaokota tu.

Kwa hiyo tenganisha, vitenge viwe na ukurasa wao na laini yao, familia ibaki kwenye akaunti yako binafsi bila namba. Zile posti za nyuma usihangaike kufuta moja moja, kwenye setingi za Facebook kuna sehemu ya kuzibana zote kwa pamoja zionekane na marafiki tu. Ila na hao marafiki wapunguze, maana kama ulikuwa unakubali kila mteja basi hujafunga kitu.

Stetasi ya WhatsApp ndo inawasahaulisha wengi. Mtu anasema mi wanaona watu niliowasevu tu, sawa, lakini we mfanyabiashara umesevu wateja wangapi? "Mteja Mbeya", "dada wa mashuka", wote hao wanamuona mtoto wako na sweta lake. Chagua mwenyewe majina ya kuonyeshwa, ndugu na mashoga zako wa kweli basi.

Namba ya yule mtu usiifute, iripoti 15040, ndo namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania. Na namba ya mwalimu wa darasa uisevu, mkubaliane na mumeo kwamba hela ya dharura haitumwi mpaka mmempigia yeye.

Halafu angalia na ukurasa wa shule, maana shule nyingi siku hizi zinaposti watoto na majina yao kutangaza matokeo. Ukimkuta mwanao una haki ya kuomba atolewe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, wakikuzungusha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anza na barua kwa mwalimu mkuu, na ubaki na kopi yako.