Sahani Juu ya Kibo

SWALI: Shikamoo mzee. Naendesha bodaboda hapa Moshi. Juzi asubuhi tuliona wingu jeupe juu ya Kibo, la mviringo, kingo laini, kama sahani tatu zilizopangwa. Lilikaa palepale mpaka saa tano. Kijiweni mmoja akasema ni chombo cha viumbe wa sayari nyingine, mwingine akasema ni dalili ya mvua kubwa. Mimi nikasema tu kwamba huko juu hakuna upepo. Nani amepatia? – Dereva, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna aliyepatia, na wewe ndiye uliyekosea zaidi. Huko juu upepo ulikuwa unavuma kwelikweli. Bila upepo, sahani yako isingekuwapo.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, na mlima wenyewe umesimama peke yake katikati ya tambarare. Upepo wenye nguvu ukiukabili mlima wa namna hiyo, sehemu yake hupita pembeni na sehemu hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, karibu digrii 10 kwa kila mita 1,000 kabla mvuke haujaanza kugeuka matone. Ikifika kimo fulani, matone yanatokea na wewe unaona wingu. Hewa hiyohiyo ikianza kushuka inapata joto tena na matone yanakauka. Nenda Mto Karanga utazame maji yanapopita juu ya jiwe: pale juu ya jiwe pana tuta la maji lisilohama, ilhali maji yenyewe yanakimbia. Ndivyo ilivyokuwa juu ya Kibo. Ukingo mmoja wa wingu ulikuwa unatengenezwa, mwingine unamalizika, asubuhi nzima. Matone uliyoyaona saa mbili hayakuwepo tena saa tatu. Ulikuwa unatazama mengine mahali palepale.

Kwa nini sahani tatu na si moja? Kwa sababu hewa haina unyevu sawa kutoka chini hadi juu. Tabaka lenye unyevu linafanya sahani, tabaka kavu linaacha nafasi, na kadhalika. Kingo zilikuwa laini kwa kuwa hewa ilikuwa imetulia katika mtiririko wake, haichemki. Hapo ndipo mtu anatofautisha wingu hili, tuliloliandika kituoni kwa jina la lentikulari, na yale mawingu ya kila siku yanayopanda kutoka msituni kuanzia saa nne na kuuficha mlima wote. Hayo ni mafundo mafundo, yanabadilika umbo kila ukigeuka. Nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa muda mrefu na hayo sikuwahi kuyatokea nje kuyatazama. Lentikulari nilikuwa naacha chai mezani.

Kuhusu mvua: lenyewe kwa kawaida halinyeshi. Wajapani wanaoishi karibu na Mlima Fuji husema Fuji ukivaa kofia, mvua inakuja, na wana sababu yao, maana upepo wenye unyevu mara nyingi hutangulia mvua. Lakini kwa Moshi, nisingeanua nguo kwa ajili ya sahani peke yake.

Na yule wa viumbe mwambie hayuko peke yake. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Mmarekani, Kenneth Arnold, alisema ameona vitu tisa vikiruka karibu na Mlima Rainier, na magazeti ndiyo yakaanza kuandika habari za visahani vinavyoruka. Wapo wanaodai yalikuwa mawingu kama lako. Mimi sikubali. Arnold alisema vilikwenda kwa kasi kubwa mno, na wingu hili sifa yake ya kwanza ni kutokwenda popote.

Likitokea tena, egemeza simu ukutani, rekodi dakika 20, kisha iendeshe haraka. Tazama kingo, si katikati.

SWALI: Mzee wangu, je, ndege ikipita karibu na mawingu hayo kuna hatari? Mwanangu anasafiri sana. – Mama, Arusha

JIBU: Dada yangu, wingu lenyewe halina neno, marubani wanaliona na wanalikwepa. Wanachokiogopa ni mawimbi ya hewa nyuma ya mlima, hasa ile hewa inayojiviringisha chini yake. Mawimbi hayo yanaweza kuwepo hata kama hewa ni kavu na anga ni jeupe kabisa. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya abiria aina ya Boeing 707 ilivunjika angani karibu na Mlima Fuji, mchana, hali ya hewa safi, na watu wote 124 wakafa. Kwa hiyo mimi wingu nalihesabu kuwa msaada: linaonyesha mahali ambapo wimbi lipo.

Na wapo wanaoyatafuta mawimbi hayo kwa makusudi. Septemba 2018, karibu na milima ya Andes huko Argentina, ndege isiyo na injini iitwayo Perlan 2 iliyapanda mpaka ikapita mita 23,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya kimo anachosafiria mwanao, na walikuwa wawili ndani yake, kwa hiari yao.