Kupima hewa ukaa kunalipa, au ni kazi ya kuwapa ulaji wakaguzi?

SWALI: Mhariri za kazi? Naelewa kwanini hewa ukaa inatakiwa ipungue, ila naona makampuni yanamwaga hela kwenye mita na wakaguzi ili tu wajue wanatoa tani ngapi. Kupima si kupunguza, hiyo hela si bora wanunue mitambo mipya? – Mwenye mashaka

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, mizani haimpunguzii mtu kitambi. Lakini siku hizi hewa ukaa ina bei, na kitu chenye bei ukikikadiria kwa macho lazima kuna mtu anapunjwa.

Cheki yaliyowakuta Ulaya. Soko lao la vibali vya kutoa hewa ukaa (kibali kimoja tani moja) lilianza 2005, vibali vingi vikagawiwa bure kwa kufuata makadirio maana hesabu zilizokaguliwa za kila kiwanda hazikuwepo, na viwanda navyo (nani angekataa?) vikasema vinahitaji vingi. Aprili 2006 hesabu halisi zinatoka, kumbe vibali vimeuzidi moshi wenyewe! Bei iliyokuwa karibu euro 30 kwa tani ikaanguka chini ya nusu ndani ya wiki chache, na mwisho wa 2007 kibali kilikuwa cha senti tu, japo hapo pia ilichangia kwamba hawakuruhusiwa kuvihamishia awamu iliyofuata. Sasa aliyebadili mitambo akiitegemea ile bei unadhani alijisikiaje.

Kwa kampuni moja moja mambo ni hayohayo. Wengi hawapimi kwenye bomba la moshi, wanachukua mafuta waliyochoma wanazidisha na kiwango cha jumla cha hewa ukaa inayotoka kwa kila lita au tani. Kwa dizeli haina noma sana, lita moja inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Makaa ya mawe ndo balaa, mengine yana kaboni ya kutosha mengine majivu tupu. Watafiti walipopima makaa ya China, kazi iliyotoka 2015, walikuta kaboni yake iko chini ya kiwango cha kimataifa kilichokuwa kinatumika, na hesabu yao ya nchi nzima kwa 2013 ikawa pungufu kwa kama asilimia 14 kuliko iliyokuwepo. Chukulia kiwanda cha tani 100,000 kimekosea asilimia 5 tu na kibali ni euro 60, hizo ni euro 300,000 kila mwaka, mita gani inafika huko?

Na kuanzia Januari 2026 Ulaya wanahesabu kaboni ya saruji, chuma, mbolea na aluminiamu zinazoingia kwao, ukikosa vipimo vyako unapigiwa viwango vya kukadiriwa, na havijawekwa kukubembeleza.

Ila usidanganyike kwamba mita ya bei mbaya ndo sahihi zaidi. Kasi ya moshi ndani ya bomba ni ngumu kupima, mahali pengine kupima mafuta vizuri maabara kunaishinda.

SWALI: Si satelaiti zipo, zipime zenyewe tumalize? – Msomaji mwingine

JIBU: Satelaiti ya OCO-2 ya NASA, shirika la anga la Marekani, iko juu tangu 2014 na imeshaona moshi wa mitambo mikubwa ya umeme. Shida ni kwamba hewani tayari kuna zaidi ya sehemu 420 za hewa ukaa kwa kila sehemu milioni za hewa, bomba moja linaongeza kidogo mno, mawingu nayo yanaziba. Kiwanda cha wastani hakionekani kabisa, kwahiyo mkaguzi bado atabisha hodi.