Pudini ya mkate na beri inabomoka nikiipindua

SWALI: Habari mpishi. Naishi Leeds, na nimejaribu ile pudini ya kiangazi ya Waingereza: unatandika slesi za mkate ndani ya bakuli, unajaza beri, unalaza kwenye friji. Nilipoipindua ilibomoka, na mkate ulikuwa na mabaka meupe. Nilitumia mkate mpya, stroberi nusu na rasiberi nusu. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada, kilichoiangusha ni mkate na stroberi kwa pamoja.

Mkate wa leo una unyevu wake tayari. Haunywi juisi vizuri, na ukilowa unalegea. Nunua boflo jeupe ambalo halijakatwa, likae siku mbili, kisha ukate mwenyewe slesi za unene wa karibu sentimita moja na kuondoa kingo za kahawia. Ule mkate laini wa slesi wa supamaketi uache kwa chai, maana ukilowa unanata mdomoni.

Stroberi ina pektini kidogo (kile kitu cha asili kwenye matunda kinachogandisha juisi), na ikipata moto inamwaga maji. Inayoshikilia pudini hii ni karanti nyekundu (beri ndogo chachu, kwa Kiingereza redcurrant), yenye asidi na pektini ya kutosha kuifanya juisi iwe nzito ikipoa. Kwa bakuli la lita 1: rasiberi gramu 450, karanti nyekundu 250, karanti nyeusi 100 (zikizidi hapo zinameza ladha nyingine zote), sukari 130. Ukikosa karanti kabisa, loweka kijiko kimoja cha chai cha jelatini katika vijiko viwili vya maji baridi, ukoroge kwenye juisi ya moto isiyochemka. Kama unakula halali tu, soma pakiti kwanza, kwani nyingi hutokana na nguruwe.

Pasha matunda na sukari bila maji, moto mdogo, dakika 3 hadi 5, rasiberi zibaki nzima. Epua, chuja juisi yote.

Mabaka meupe yanatokana na mkate kutandikwa mkavu. Chovya kila slesi upande mmoja kwenye juisi, na upande huo ndio uguse bakuli. Slesi zipandiane sentimita moja, ubonyeze maungio kwa vidole. Penye mwanya ndipo pudini inapopasukia. Bakuli la alumini halifai kwa asidi hii. Jaza matunda na juisi kiasi cha kulowesha tu, ubakize kama robo kikombe, halafu funika kwa mkate.

Sasa uzito, ambao wengi wanaukosea: sahani iingie ndani ya bakuli. Ikikalia ukingo, haigandamizi kitu. Makopo mawili ya nyanya ya gramu 400 juu yake yanatosha. Friji saa 8 au usiku kucha.

Kabla ya kupindua, pitisha kisu chembamba pembeni. Juisi uliyobakiza ipake palipobaki peupe, uandae na krimu nzito isiyo na sukari. Imalize ndani ya siku mbili.