Kuchungulia breki kupitia matundu ya rimu hakutoshi, fungua tairi zote nne

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una Toyota Runx, umealikwa siku ya kukimbiza magari kwenye njia ya vumbi iliyofungwa huko Iringa, na fundi wako amechungulia kupitia matundu ya rimu akakuambia pedi bado nene, nenda tu. Unauliza kama hiyo inatosha. Haitoshi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuridhika na kuchungulia namna hiyo hiyo.

Naishi Uyole, hapa Mbeya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Mbeya kwenda Morogoro na Corolla yangu. Jioni ya kuamkia safari niliinama mbele kushoto, nikainama mbele kulia, nikaona pedi zina nyama, nikalala usingizi. Kesho yake mchana nikaingia mteremko wa Kitonga nyuma ya msururu wa malori yanayoshuka polepole, mguu uko kwenye breki muda wote. Katikati ya kona kanyagio likaanza kulainika. Nikikanyaga linazama, nikipampu linapanda kidogo, kisha linazama tena. Nikashusha gia, nikaliachia gari nafasi, nikateremka kwa injini mpaka Ruaha Mbuyuni, nikapaki jirani na wauza vitunguu. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linanuka kuungua. Nilisogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, joto likanipiga kama la jiko la mkaa. Upande wa kulia ulikuwa na moto wa kawaida tu.

Fundi wa pale alipofungua tairi ndipo nilipoona. Pedi ya nje, ile niliyoichungulia Uyole, ilikuwa nzima, milimita saba hivi. Ya ndani ilikuwa imebaki bati, chuma kinakula diski. Mkosaji alikuwa pini moja ya kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski. Fundi aliivuta kwa koleo ikagoma, akaigonga, ikatoka na kutu nyekundu na vumbi lililogandamana kama udongo wa kuchomwa. Kiraba chake cha kuzuia vumbi kilikuwa kimechanika, kidogo tu, ufa wa kupitisha ncha ya kalamu.

Kwenye magari yetu mengi pistoni ya breki za mbele iko upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani kwanza, halafu mwili wa kalipa unateleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje ije kubana. Pini zikiganda, kalipa haitelezi, na ya ndani inafanya kazi ya mbili. Ndiyo maana pedi inayoonekana kwa nje inaweza kukudanganya: inabaki nene kwa sababu haifanyi kazi.

Sasa weka hilo kwenye mbio. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza mpaka gari lisimame linakuwa mara nne. Kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa si sawa na kusimama kutoka 50 halafu ukaongeza kidogo. Na kwenye mbio unarudia kila baada ya sekunde chache, bila nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo fungua tairi zote nne. Gari likiwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe mawe au kabari. Ninalokuomba ulishike ni moja: linganisha. Pedi ya ndani na ya nje, kushoto na kulia. Pedi mpya huwa na milimita kumi au zaidi kidogo bila kuhesabu bati. Kwa matumizi ya kawaida watu huzibadilisha zikifika tatu, ila kwa siku kama hiyo mimi siendi na pedi iliyoshuka chini ya nusu, maana pedi nyembamba inapitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta. Tofauti ya milimita moja kati ya ndani na nje sigombani nayo. Ikizidi mbili, toa pini. Inatakiwa iteleze kwa vidole viwili. Isafishe, ipake grisi ya breki inayostahimili joto, usipake grisi ya beringi kwa sababu inavimbisha raba. Kiraba kikichanika nunua kipya, bei yake ni ndogo. Angalia pia kama pedi imelika kwa mshazari, na kama uso wake unang'aa kama kioo. Hiyo ya kung'aa imeshaungua na haishiki tena vizuri.

Diski pitisha ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukikuta kingo imebaki juu kama ukuta, pima unene kwa kifaa, kisha tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye diski yenyewe: unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa pale. Ufa wowote unaofika ukingoni, diski hiyo ni ya kutupa. Kutu nyepesi ya asubuhi baada ya mvua, ambayo kwetu huku ni jambo la kila siku, isikutishe. Inafutika ukikanyaga mara mbili tatu. Nyuma kama ni dramu, fungua pia, uone brekishu (pedi za ndani ya dramu) na uone kama silinda ndogo inavuja.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyolainisha kanyagio langu, na hapa wengi wanapuuza kwa sababu kikopo kimejaa. Kujaa siyo habari. Mafuta haya yanavuta unyevu, na unyevu unashusha kiwango cha kuchemka. DOT ni daraja la mafuta haya, limeandikwa kwenye chupa. DOT 4 mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanywa maji ya kutosha kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. DOT 3 ni 205, na 140 ikiwa imenyonya maji. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo, ndiyo maana kanyagio linazama huku hakuna kinachovuja. Badilisha yote kabla ya siku hiyo, DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, utoe upepo magurudumu yote. Usikubali fundi amalizie chupa iliyokaa wazi kwenye kabati. Na DOT 5 usiichanganye, hiyo ni ya silikoni, haipatani na hizi nyingine.

Mipira ya breki: zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, uone kama inagusa tairi au imesuguliwa. Halafu mwambie mtu akanyage kwa nguvu huku wewe unaushika. Mpira ukivimba mkononi mwako, ubadilishe.

Kabla hujarudisha tairi, tikisa gurudumu. Shika juu na chini, sukuma na uvute. Likicheza, ni beringi au boljointi (kiungo cha chini cha gurudumu). Shika kushoto na kulia; likicheza hapo, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Kwa beringi nina njia niliyofundishwa na baba mdogo, aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi: zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, wa pili uweke juu ya springi. Beringi iliyochoka utaisikia kwenye kiganja ikikwaruza kabla sikio halijasikia chochote. Yeye kila akimaliza mteremko alisimama, akazunguka gari lote akinusa na kusogeza mkono kwenye kila gurudumu, na alikuwa anatafuta lile lililotofautiana na wenzake.

Njia ni ya vumbi, kwa hiyo chungulia lile bati jembamba nyuma ya diski. Kokoto ikikwama pale inapiga kelele za kutisha na inachora diski.

Tairi: kama ni za mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni (hii si ile DOT ya mafuta). 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kisha pitisha mkono ubavu wa ndani, ule usioonekana. Nundu hujificha huko. Ukiikuta, tairi hiyo hata sokoni usiende nayo.

Nati naomba unisikilize sana. Safisha uso wa habu, pale rimu inapokaa, kwa brashi ya waya, maana kutu ikibaki katikati, nati inakaza kutu na baadaye inalegea. Kaza kwa msalaba, ukimalizia kwa spana ya torki. Toyota ndogo nyingi ni Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi anayepanda juu ya spana na kuruka ananyoosha stadi, yaani boliti za gurudumu, na stadi iliyonyooshwa inakatika siku gari linapobebwa na kona. Baada ya mzunguko wa kwanza, magurudumu yakipoa, pima torki tena.

Na jambo moja ambalo nimeliona kwa macho kwenye gereji moja ya hapa Uyole: ukishasukuma pistoni kuweka pedi mpya, kanyagio la kwanza linaenda chini tupu. Yule kijana aliwasha, akarudi nyuma, akakanyaga hewa na kuingia kwenye ukuta. Pampu mpaka liwe gumu kabla hujagusa gia. Kisha tafuta barabara tupu ya shamba alfajiri, shuka kutoka 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, uache zipoe kwa kutembea taratibu. Usiende kwenye mbio na pedi ambazo hazijazoeana na diski.

Siku yenyewe, kila ukitoka njiani, maliza mzunguko mmoja polepole, usivute hendibreki breki zikiwa za moto, weka gia na kabari. Halafu zunguka gari kama baba mdogo. Gurudumu moja likiwa na joto tofauti na la upande wa pili, usirudi njiani mpaka ulifungue.

Ukishafungua, niwekee hapa unene wa pedi nne za mbele, mbili za kushoto na mbili za kulia, na picha ya pini. Nitakuambia ninachokiona.